Kucha ya Kidole Gumba

Treni ya Tbilisi huondoka saa mbili na dakika ishirini usiku,
na mwanangu Eteri ana miezi minane,
meno mawili, na pasipoti.

Nilipakia kama mtu anayehama:
maji yaliyochemshwa mara mbili,
chumvi za kuharisha, kipimajoto,
kadi ya chanjo ndani ya mfuko wa nailoni,
na ile barua yenye muhuri wa wakili,
Malkhaz, kwa mwandiko wa mvulana wa shule,
akikiri kwamba yeye, baba, anaridhia mtoto
avuke mpaka na mama yake.
Tulicheka alipoitia sahihi.
"Mimi nikuruhusu wewe! Mimi ambaye hata kopo la sadini
silifungui bila ushauri."
Kisha hatukucheka. Akaisoma tena, akaikunja,
akauliza kama nimechukua soksi za ziada.

Kitanda changu kilikuwa cha juu,
chembamba kama rafu ya viatu.
Nikakipima kwa macho ya mtu aonaye maanguko tu:
hapa ataviringika, hapa atagonga kichwa,
hapa nitashtuka mikono ikiwa mitupu.
Mwenye cha chini, Razmik, muuza pedi za breki,
alikuwa amekwisha vua viatu.
Hakusema neno. Akapanda juu
akigumia kama jokofu la zamani,
na kutoka huko akaniteremshia begi la bidhaa.
"Liweke ukingoni. Kilo kumi na nane.
Hata lori litasimama."

Basi mwanangu akalala kati ya mbavu zangu na breki.
Mimi sikulala. Nilihesabu pumzi zake,
nikakosea, nikaanza upya.
Mhudumu alichochea makaa hadi tukawa mikate;
nikamvua sweta, nikamvika, nikamvua.
Nani alisema safari ni miguu?
Safari ni vifungo.

Sadakhlo waligonga muhuri bila kumtazama.
Upande wa pili, Ayrum, usiku wa manane,
akaingia afisa kijana, tochi mkononi,
mafua puani, kola imemkaba.
Akatazama picha. Akamtazama Eteri. Akairudia picha.
Ilipigwa mtoto ana siku kumi na tisa:
uso wa andazi bichi, macho nusu,
nywele tele zilizokwisha kupukutika.
Huyu wa kitandani ana kipara, ana mashavu, ana maoni.

"Siye."

Nikatoa barua. Nikatoa kadi, cheti cha kuzaliwa,
nikatoa hata kipimajoto, sijui kwa nini.
Razmik akachungulia: "Bwana afisa,
wewe siku ya kumi na tisa ulifanana na nani?"
Kimya. Bomba la joto likagonga.

Kijana akaisogeza picha kwenye tochi.
"Na hii nini?"
Chini ya kidevu, pembeni kabisa,
pale mpiga picha alipoufuta mkono wangu
ulioshikilia shingo isiyojiweza,
alisahau kucha ya kidole gumba,
yenye ufa katikati, kumbukumbu ya mlango wa lifti
tangu nina miaka sita.

"Nionyeshe mkono."

Nikaunyoosha. Vidole vilitetemeka.
Ufa ulikuwa palepale.
Akautazama kama fundi saa,
akageukia ujiani kupiga chafya, mbali na mtoto,
akagonga muhuri.
"Mpige picha nyingine," akasema, akazima tochi.

Gyumri, bado giza. Baridi ya kukata masikio.
Mama yangu, Siranush, alikuwa jukwaani
na blanketi alilolipasha juu ya jiko.
Akampokea Eteri, akamgeuza huku na huku,
akamkagua kuliko mpaka wowote.
"Kofia yake iko wapi?"

Kofia.

Treni ilikwisha anza kujivuta kwenda Yerevan.
Kwenye dirisha la tatu, Razmik akihangaika na kitasa,
na kitu kidogo cha manjano
kikipunga nyuma ya kioo.